Malalamiko kuhusu dola ya Morgan ya 1880 mliyoniuzia kama sarafu ya uso wa kioo

Kwa Meneja,
Kitengo cha Mauzo na Huduma kwa Wateja.

Ndugu Meneja,

YAH: SARAFU ILIYOSUGULIWA KUUZWA KAMA YENYE USO WA KIOO

Tafadhali husika na kichwa cha barua hapo juu.

Nimepokea dola ya fedha ya Marekani ya mwaka 1880, iitwayo Morgan kwa jina la mchoraji wake, yenye herufi S ya kiwanda cha San Francisco, niliyoiagiza kwenu. Tangazo lenu lilisema ina uso wa kioo pande zote mbili, na bei mliyonitoza ni ya sarafu ya namna hiyo. Kwamba inang'aa, hilo sibishi. Ila mng'ao huo umetokana na kitambaa na dawa ya kusugulia. Nilipouliza, mhudumu wenu alinijibu kwa sentensi moja tu: ukijiona ndani yake, basi ni kioo. Kampuni inayouza sarafu za zamani haipaswi kumjibu mteja hivyo, na ndiyo maana naandika kwa kirefu.

Uso wa kioo huanzia kwenye muhuri wa chuma unaogonga kipande cha fedha na kukitia picha, kabla sarafu haijachapwa. Mafundi wa kiwanda waliung'arisha muhuri ulipokuwa mpya, au baada ya mihuri miwili kugongana bila kipande cha fedha katikati na kuachiana alama zilizohitaji kufutwa. Sarafu za mwanzo kutoka kwenye muhuri huo hupata uwanja, yaani sehemu bapa isiyo na picha, unaoakisi. Kadiri muhuri unavyozidi kugonga, fedha inayosukumwa kuelekea ukingoni huuchakaza na kuuwekea vijistari, na sarafu zinazofuata hupata ule mng'ao wa kawaida unaozunguka kama spoki za gurudumu ukiigeuza sarafu chini ya taa. Dola za San Francisco za 1880 zinasifika kwa nyuso za kioo, kwa hiyo tangazo lenu halikunitia shaka.

Sasa chukueni lenzi, mulikeni sarafu kwa taa ya upande mmoja. Uwanja ulio mbele ya uso wa Liberty, yule mwanamke anayewakilisha uhuru, umejaa mistari. Mistari peke yake si kosa, maana hata muhuri uliong'arishwa huacha mistari yake. Lakini mkwaruzo ulio ndani ya muhuri hutokea kwenye sarafu ukiwa umeinuka. Tena kifaa cha kung'arishia hugusa sehemu ya juu tu ya muhuri, ambayo kwenye sarafu ndiyo uwanja. Kwa hiyo mistari hiyo ikifika kwenye picha hukatika. Mistari ya sarafu hii imezama. Inaanzia uwanjani, inapanda shavuni, inavuka nywele na kushuka upande wa pili kwenye nyota, mfululizo. Muhuri hauwezi kuchora hivyo hata kidogo. Hapo amepita mtu na kitambaa.

Shavu lenyewe linashuhudia. Kwenye sarafu ya kioo iliyo safi, ngozi ya fedha kwenye picha mara nyingi huwa na weupe wa ukungu, na uwanja huonekana mweusi kando yake. Zipo sarafu nyingine zenye picha zinazong'aa kiasi, hilo nakubali, lakini hapa shavu na uwanja vina mng'ao mmoja butu, na kuzunguka herufi za E PLURIBUS UNUM kuna utando mweupe wa dawa uliojibana mahali ambapo kitambaa hakikufika.

Nimepima pia umbali. Kampuni ya PCGS, inayopanga madaraja ya sarafu, hutaka maandishi yaakisiwe waziwazi kutoka kama inchi 2 hadi 4, yaani sentimita 5 hadi 10, na pande zote mbili. Zile za kioo kirefu hufika inchi 6 na kuendelea. Nilisimamisha karatasi yenye maandishi kando ya sarafu hii. Hata kwa sentimita 5, upande wa Liberty unaonyesha kivuli cha herufi zisizosomeka.

Kinachoniuma zaidi ni kadi mliyoiweka kwenye kifurushi, inayomshauri mteja aifute sarafu kwa kitambaa ikianza kufifia. Ndugu Meneja, fedha ni laini. Rangi inayoipata kwa salfa ya hewani yaweza kuwa nzuri na ya halali, lakini ngozi ya kiwandani ikishasuguliwa hairudi kwa njia yoyote. Dola hii ilidumu zaidi ya miaka 140, kisha mtu akaiharibu ili iuzike, nanyi mnawafundisha wateja wenu kufanya vilevile. Iondoeni kadi hiyo kwenye vifurushi vyote.

Naomba nirudishiwe fedha zangu zote pamoja na gharama za usafirishaji wa kwenda na kurudi. Msiiuze tena sarafu hii bila kuandika wazi kwamba imesuguliwa. Na kwa kila sarafu mnayoitangaza kuwa ya uso wa kioo, wekeni picha ya pande zote mbili ikiwa imesimamishiwa maandishi, na rula ikionekana, ili mnunuzi ajipimie mwenyewe. Picha zenu za sasa zimepigwa kwa mwanga wa kutoka juu tu, na mwanga huo huficha mikwaruzo.

Sarafu iko tayari kurudishwa, ndani ya kifuko chake kilekile. Nasubiri maelekezo yenu kwa maandishi.

Wenu katika biashara,

Mteja na mkusanyaji wa sarafu za fedha