Mtoto anayeonewa asiachiwe kujitetea peke yake

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua za wasomaji nizungumzie uonevu wanaofanyiana watoto wenyewe kwa wenyewe, shuleni, njiani na siku hizi hata katika simu. Kila mtu anaulaani. Lakini mtoto anayeonewa akitaka kujua aende kwa nani na atafanyiwa nini akishafika huko, ni wachache wanaoweza kumjibu, na hilo ndilo lililonifanya niandike.

Dan Olweus, mwanasaikolojia wa Sweden aliyeanza kuchunguza uonevu miaka ya 1970 na kufanya kazi kwa muda mrefu nchini Norwei, aliutambua kwa mambo matatu: hufanywa kwa makusudi, hurudiwarudiwa, na anayetendewa hana nguvu sawa na anayemtendea. Hilo la tatu ndilo linalosahaulika. Watoto wawili wanaolingana wakigombana, mwalimu anaweza kuwakalisha pamoja wakapatana; ila mtoto dhaifu akiwekwa ana kwa ana na anayemtesa, atasema yamekwisha, atampa mkono mbele ya watu wazima, kisha akitoka nje atateswa zaidi kwa kosa la kusema. Ndiyo maana naona kupatanisha kwa haraka namna hii kunamdhuru tuliyekusudia kumsaidia. Wala ushauri wa "nawe mrudishie" haumfai, kwa kuwa unamdai nguvu ambazo angekuwa nazo asingeonewa. Na ule wa "mpuuze, atachoka mwenyewe" unamfanya aamini kwamba kusema hakuna faida, hivyo safari nyingine hasemi.

Tayari kusema kwenyewe ni kugumu. Mtoto anaogopa kulipiziwa kisasi, anaona haya, na kama anatukanwa kwa simu anahofia kwamba dawa itakayotolewa ni kunyang'anywa simu yenyewe. Kwa hiyo mara nyingi mzazi huanza kuona dalili kabla ya kusikia neno lolote: tumbo linalouma kila asubuhi ya shule na kupona siku za mapumziko, madaftari yaliyochanika bila maelezo, vitu vinavyopotea kila mara, njaa isiyo ya kawaida anaporudi, usingizi wa mang'amung'amu, au mtoto aliyependa wenzake kuanza kujitenga. Dalili moja haithibitishi kitu, lakini zinatosha kumfanya mzazi atafute wakati wa utulivu na kuuliza kwa upole.

Akianza kueleza, asikatizwe, na swali la "wewe ulimfanya nini?" lisiwe la kwanza, kwa sababu linamgeuza mlalamikaji kuwa mshtakiwa. Asiahidiwe siri ambayo haiwezi kutunzwa. Aambiwe wazi nani atajulishwa na kwa nini, naye asikilizwe kuhusu hatua itakayofuata. Kisha mzazi aandike: siku, mahali, kilichotendeka, waliokuwepo. Ujumbe wa matusi usifutwe, upigwe picha na kuhifadhiwa. Kumbukumbu hizo zipelekwe kwa mwalimu wa darasa, na akishindwa kuchukua hatua, kwa mkuu wa shule kwa maandishi, pamoja na ombi la tarehe ya kupewa jibu. Kumvamia mtoto wa mwenzako barabarani au kwenda kugombana na wazazi wake kunaongeza moto tu.

Mtoto akitamka kwamba afadhali afe, au hata akidokeza hivyo, asiachwe peke yake, na siku hiyohiyo apelekwe kwa daktari au mtaalamu wa afya ya akili. Kumuuliza moja kwa moja kama anafikiria kujiua hakumpandikizii wazo hilo. Kunampa ruhusa ya kulisema. Norwei ilianzisha kampeni ya taifa dhidi ya uonevu shuleni mwaka 1983, baada ya wavulana watatu kujiua. Sioni sababu ya nchi yoyote kungoja msiba kama huo ndipo ianze.

Kwa upande wa shule, mfano ninaoutamani ni wa Ufini, ambako mpango uitwao KiVa, uliobuniwa katika Chuo Kikuu cha Turku, ulianza kuenezwa nchi nzima mwaka 2009. Shule huwa na kikundi cha watu wazima kinachojulikana, ambacho huzungumza na aliyeonewa peke yake, na waliomwonea peke yao, kisha huwaita tena baadaye kuhakikisha kwamba uonevu umekoma kweli. Zaidi ya hayo, mwalimu huwaomba wanafunzi wachache wanaoheshimiwa na wenzao wawe karibu na aliyeonewa. Jambo hili linanigusa sana, maana mwonevu hupata nguvu kutokana na watazamaji wanaocheka au kunyamaza. Naye mwonevu anahitaji kukomeshwa na pia kusaidiwa. Kumchapa mbele ya wenzake ni kumwonyesha kwamba mwenye nguvu ana haki ya kupiga.

Taarifa ya UNESCO ya mwaka 2019 ilieleza kwamba karibu mwanafunzi mmoja kati ya watatu duniani alionewa na wenzake walau mara moja katika mwezi mmoja. Kwa kiwango hicho, ni vigumu kuamini shule yoyote inayodai kwamba haina tatizo hili, na kila mzazi ana haki ya kuiuliza shule ya mwanawe ni nani hasa anayepokea malalamiko haya.

Nawe, Mhariri, nina ombi kwako. Nchi nyingi zina namba ya simu ambayo mtoto anaweza kuipiga bure akaongea na mshauri. Tafadhali ichapisheni katika kila toleo, kwenye ukurasa wa watoto, kwa herufi kubwa, pamoja na maelezo mafupi ya nani atakayepokea simu hiyo na atamwuliza mtoto nini, ili asiyethubutu kumwambia mtu wa nyumbani ajue kwa kuanzia.

Wako,
Mzazi na msomaji wa gazeti hili