Usiiuze kwanza ile Phoenix

Lewes, Uingereza, Jumapili usiku

Hoza ndugu yangu,

Habari za siku nyingi? Huku tu wazima, watoto wazima, mvua inanyesha na kuacha inavyojisikia. Nimekaa kimya tangu mwezi wa pili na sina utetezi, kwa hiyo hapo tupite. Zaina kanipigia jana, na katika maongezi likamponyoka kwamba kuna kijana wa Soni kaja kuitazama ile baiskeli yetu, Phoenix, na mmeshaanza kutajiana bei. Hoza! Ngoja kwanza. Nikusimulie yaliyonikuta Jumatano, halafu uamue.

Wale wenzangu wa kazini nilishakutajia, Colin yule mrefu, na Priya na mumewe. Kila Jumatano jioni tunapanda baiskeli kwenda vilimani. Yangu ni mtumba, ina giya nyingi kuliko akili zangu. Majira haya saa tatu usiku jua bado lipo, nakuapia. Tunapita njia za farasi, zinakatiza kwenye mashamba ya watu na malisho ya kondoo, na mwenye shamba hakuulizi kitu mradi ufunge geti. Baiskeli ziliruhusiwa humo kwa sheria ya mwaka 1968, ila mwenda kwa miguu na mwenye farasi ndio wanaopishwa. Unafuata mshale wa buluu. Ukifuata wa njano umeingia njia ya watembea kwa miguu, na wazee wa huku watakusema mpaka uwaombe radhi kondoo.

Basi tukaupanda Ditchling Beacon. Mita 248! Nikacheka moyoni, sisi Lushoto tunalala kwenye mita kama 1,400. Kicheko kilikata katikati ya kilima, mapafu yangu siku hizi ni ya karani. Juu kule ni majani mafupi na upepo, bahari unaiona kwa mbali upande wa kusini. Tukafuata mgongo wa vilima kuelekea magharibi, kwenye vile vinu viwili vya upepo vya Clayton, Jack na Jill. Kwenye kona tukakutana na mama mmoja juu ya farasi, farasi mkubwa kama lori. Hapo unatakiwa upunguze mwendo na uongee, farasi ajue ni binadamu anakuja. Nikatafuta neno, likatoka "Hodiii!" kama nipo mlangoni kwenu. Farasi akasimama, masikio yote mawili kwangu. Mama wa watu akashukuru. Sasa Colin kila geti anapiga hodi.

Shida ilianza wakati wa kurudi. Ardhi ya kule ni chaki, nyeupe kama ya ubaoni, na imejaa mawe ya gumegume ambayo yakivunjika yanakata kama wembe. Tunateremka, nikasikia psss. Tairi la nyuma. Nikatoa tyubu ya akiba: nayo ina tundu, imesuguana na spana kwenye begi tangu sijui lini. Priya ana viraka, solusheni imekauka. Wenzangu hawabebi tyubu kabisa, tairi zao zina maji meupe ndani yanayoziba tundu yenyewe. Giza linaingia, simu hazishiki.

Ndipo nikakukumbuka. Siku ile ya Mombo, ulivyonikatisha majani kwa mikono mpaka vidole vikachanika, nami nakutukana njia nzima. Nikainama nikaanza kung'oa. Mume wa Priya akauliza kama nimepoteza kitu. Nikayasokota kama kamba, nikashindilia ndani ya tairi kwa kiganja, nikarudia kushindilia, maana ulisema pengo moja tu na gurudumu litaruka kama kilema. Hawakuamini mpaka nilipopanda. Nilifika nyumbani saa nne na nusu, makalio yamekufa ganzi, majani yanachungulia ubavuni mwa tairi. Colin kapiga picha, kawaonyesha ofisi nzima. Nikawaambia fundi aliyenifundisha yuko Lushoto na anayo Phoenix.

Anayo, nimesema. Sasa nitawaambia nini?

Najua inaota kutu pale nyuma ya banda la mbuzi. Najua pia nilitoa nusu tu ya hela, zile za viazi, na wewe ndiye uliyeitunza miaka yote hii. Lakini kwa nini hukuniambia? Kama una shida ya hela sema, sisi si wageni. Bei yoyote aliyotaja huyo kijana nitaituma mimi, na baiskeli ibaki hapo hapo. Na kuhusu keria, siku ile ile ya Mombo, si kwamba ilivunjika yenyewe, mimi ndiye... basi, hilo tukionana.

Kataja bei gani? Umeshapokea chochote mkononi? Kengele bado inalia? Ile breki ya fito uliitengeneza au bado unasimama kwa ndala? Mzee mguu unaendeleaje, anakwenda kliniki au anatudanganya? Na Zaina duka kafungua, mbona nikimuuliza anacheka tu?

Nijibu kabla ya Jumatano, hata kwa mstari mmoja. Huyo kijana mwambie mwenzako hajakubali.

Wako,
Shabani

N.B. Ulizia bei ya tyubu ya inchi 28 hapo sokoni. Mbili.