Pishi ya Mama: Salamu za Idd kutoka Lindi

Assalaam alaikum warahmatullahi wabarakaatuh.

Kwa niaba ya familia yetu iliyopo hapa Lindi mjini na ile ya kijijini, juu ya Mtama, nawatakia ndugu, jamaa na marafiki popote mlipo Idd njema yenye heri na baraka. Mola azipokee swaumu zetu, atughufirie dhambi zetu, awarehemu waliotutangulia na atujaalie umri wa kuifikia Ramadhani nyingine. Watani zetu wa Nyangao na Ndanda, ambao mwaka huu Kwaresima yao na Ramadhani yetu zimeingia wiki moja, tunawaombea mmalize salama. Pilau lenu tumelifunika. Mkingoja mpaka Pasaka mtalikuta limechacha, na lawama si yetu.

Salamu hizi naziandika kila mwaka kwa sababu katika ukoo mimi ndiye ninayeitwa "mwalimu", basi kazi yote ya kalamu inaishia kwangu. Mwaka huu nimeikwepa mpaka usiku wa mwandamo. Nje watu wanabishana mwezi umeonekana au haujaonekana, watoto wameshaamua kwamba umeonekana, na mvua inanyesha kama haina habari na mabishano yetu.

Hali mnaijua. Hela ya korosho ilikwisha Januari, na kwa wengi wetu ilikuwa imeshaliwa na madeni kabla haijaingia kwenye akaunti. Mchele wa sikukuu nimeununua shilingi 3,200 kilo, nyama sitaki hata kuitaja, na nazi moja ni 1,500. Nazi! Lindi hii hii yenye minazi mpaka kwenye makaburi. Mwaka huu visheti tumepika beseni moja badala ya matatu, na kanzu za watoto ni zile zile za mwaka jana, tumeshusha pindo.

Lakini hayo si yaliyonichelewesha. Wengi mnajua kwamba Mama alitutoka mwezi wa Rajabu. Hii ni Idd yetu ya kwanza bila yeye, na jana baada ya Alasiri ilibidi mtu apime mchele wa fitri, ile zaka ya Idd, kazi ambayo kwa miaka yote ninayoikumbuka hakuna mwingine aliyeigusa. Nikatoa kopo lake. Ni kopo la bati la maziwa ya unga, karatasi yake ilikwisha kubanduka zamani, mdomo umepinda upande mmoja kwa kugongwa. Ndicho kibaba chake. Vinne ndiyo pishi, na pishi ni kichwa kimoja. Tuko vichwa kumi na kimoja. Nikajaza, nikapitisha kiganja juu nisawazishe kiwe mfuto, mkono ukasita wenyewe. Mama hakuwa akisawazisha. Alikuwa akimimina mpaka mchele unapanda kilima na kumwagika pembeni, na aliyejaribu kuupangusa alipigwa kofi la mkono. Alikuwa akisema, "Mfuto ni wa kununulia. Wa kutoa haupanguswi."

Nikakaa pale chini na lile kopo kwa muda. Basi.

Sasa niwaambie kilichonijia kichwani nikiwa nimekaa, maana ndiyo salamu yangu ya mwaka huu, na atakayeona nimevuka mipaka ya salamu anisamehe kwa ajili ya sikukuu.

Mwaka 1987 nilichaguliwa kwenda sekondari. Ndiyo miaka ile ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu, ulikuwa umeila mikorosho, mti mzima unarudisha debe moja. Mama akaweka rehani mikorosho kumi na miwili kwa mtu mmoja, jina lake halina faida hapa, na yeye naye ameshatangulia. Yule bwana akavuna misimu mitatu. Kila gunia lilikuwa lumbesa, limeshindiliwa na kushonewa kofia juu, na likihesabiwa kuwa ni gunia moja. Hela aliyotupa yule bwana, Mama aliipokea mara moja, imepimwa mfuto. Halafu kila asubuhi ya Idd yule bwana alikuwa akimtuma mtoto wake kuleta kilo moja ya sukari. Mama anapokea kwa mikono miwili, anaomba dua, anamwambia mtoto, "Mwambie baba ahsante sana, Mungu amzidishie." Mimi nilikuwa na miaka kumi na minne na nilitamani kuimwaga ile sukari mtaroni. Mama akaniona. Akasema, "Wadogo zako watakunywa chai. Miti tutaidai siku yake."

Wandugu, tangu jana naona dunia yote imo ndani ya kisa hicho.

Tukiwa tunasoma ramani, tulifundishwa kwamba kuna nchi zilizoendelea na kuna sisi. Hatukufundishwa nani alikwenda na nini. Hapa kwetu kuna kilima cha Tendaguru. Vita vya Maji Maji viliisha 1907, njaa ikamaliza waliobakizwa na risasi, na mwaka 1909 Wajerumani wakaanza kuchimba mifupa ya mijusi ya kale. Mpaka 1913 babu zetu walikuwa wamebeba zaidi ya tani 200 vichwani na mabegani, mwendo wa siku kadhaa kwa miguu mpaka bandari ya Lindi. Mjusi mmoja amesimamishwa jumba la makumbusho Berlin, urefu wake kwenda juu kama mita 13, watu wanakata tiketi kumtazama. Baadaye Waingereza nao wakaja na mpango wa karanga Nachingwea, ili kwao wapate mafuta ya kula. Karanga zikakataa, mwaka 1951 wakaufunga mpango, na sisi tukabaki na hadithi. Watu wa Mtwara angalau walipata bandari. Watu wa Lindi tuliipoteza ya kwetu. (Hilo nalo tutalidai siku yake.)

Kwa hiyo ninaposikia huko nje wanajadiliana kama nchi tajiri ziwe na huruma kwa maskini au zisiwe nayo, naona mjadala umeanzia katikati. Zaka sisi tunaijua. Hakuna mwenye mali anayetuhurumia anapotoa zaka. Anaitoa haki ya watu iliyokaa kwake, na asipoitoa amekula cha wenyewe. Ndivyo tulivyofundishwa chuo cha Kurani kabla hatujajua kufunga msuli.

Na kiwango chao hakikuwa kikubwa. Oktoba 1970, kwenye Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa, ilikubaliwa kwamba nchi tajiri zitoe asilimia 0.7 ya pato lao la mwaka. Ni senti sabini katika kila shilingi mia. Sisi tunatoa mbili na nusu katika kila mia ya akiba (najua, hii ni akiba na ile ni pato, masheikh msinirukie). Zaidi ya nusu karne imepita. Norwe, Uswidi, Denmaki na Luxembourg wamekuwa wakifikisha, na wengine wachache wamefikisha mwaka huu wakashuka mwaka ule. Wakubwa kama Marekani na Japani hawajafika karibu. Mwaka 2025 ndipo wakarudi nyuma kabisa: Rais wa Marekani alisaini amri ya kusimamisha misaada siku ile ile ya kuapishwa, Januari 20, na ilipofika Julai mosi shirika lao la misaada likawa limefungwa. Uingereza nayo ikatangaza kushuka kutoka asilimia 0.5 hadi 0.3 ifikapo 2027, fedha ziende kwenye silaha. Huku kwetu binti wa jirani yangu, aliyekuwa akilipwa posho na mradi kuwafuata majumbani wagonjwa walioacha dawa, amerudi kukaanga mihogo stendi. Nilimuuliza, wale wagonjwa wako je? Akasema, "Wengine napishana nao hapa hapa, wananunua mihogo. Wengine siwaoni tena." Akageuza mihogo yake.

Asije mtu akaniambia misaada haina kazi. Mimi nimekunywa maji ya msaada. Kabla Wafini, watu wa Finland, hawajaja na mradi wao wa maji wa Mtwara na Lindi, Mama alikuwa akiamka saa tisa usiku kwenda kugombea maji kisimani na fisi. Mwishoni mwa miaka ya sabini wakachimba, wakasimamisha pampu ya mkono. Siku ya kwanza wazee walikataa kunywa, walisema maji hayana ladha ya udongo. Baada ya hapo Mama akaanza kulala mpaka alfajiri. Usingizi wa saa mbili kila siku, kwa miaka, huo nao ni utajiri. Na mwaka 2001 nchi ilipopunguziwa madeni, ada ya shule ya msingi ikafutwa, na wapwa zangu watatu waliokuwa wakichunga ndege mpungani wakaingia darasani na miguu yao ina matope. Hao leo wawili ni mafundi na mmoja ni nesi.

Lakini niseme na la upande wetu, maana salamu isiyojisema ni majivuno. Ile pampu haikuuliwa na Wafini. Iliharibika mpira mmoja wa ndani, kitu cha kuficha kiganjani, na mchango wa matengenezo kamati yetu wenyewe ilikuwa imeshaula. Tukarudi kisimani.

Hata hivyo, sukari pekee haimalizi deni la miti. Jopo lililoongozwa na Thabo Mbeki lilisema 2015 kwamba Afrika inapoteza zaidi ya dola bilioni 50 kila mwaka kwa fedha zinazotoroshwa, na kubwa zaidi ni ujanja wa makampuni katika bei na kodi. Hiyo ndiyo lumbesa. Korosho yetu sehemu kubwa inaondoka ghafi kwenda Vietnam na India, inabanguliwa huko, inakaangwa na kufungwa kwingine, na mkulima wa Ruangwa haijui hata harufu yake ikiwa kwenye pakiti. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipoleta mvua zile, barabara ya Dar ikakatika kule Somanga, mabasi yakalala njiani, vitu vikapanda bei Lindi nzima. Bara zima la Afrika linatoa chini ya asilimia 4 ya moshi unaoichemsha bahari. Mwaka 2022 kule Misri, kwenye mkutano wa tabianchi, mataifa yalikubali kuanzisha mfuko wa kufidia hasara kama hizo. Tunawashukuru kwa mikono miwili, kama Mama. Tunangoja kuona kibaba chao kina mdomo wa namna gani.

Kwa hiyo dua yangu Idd hii, na naomba muitikie amin, ni kwamba wenye nacho wa dunia waache kununua kwa lumbesa na kutoa kwa mfuto. Walipe kodi pale wanapochimba, wafute madeni yasiyolipika, wanunue korosho iliyobanguliwa bila kuiwekea vizuizi, kisha hizo senti sabini wazitoe bila kuzipangusa. Kupunja kipimo tumeonywa kwa maneno makali, na onyo lile halikutaja kabila wala bara.

Nalo linatuhusu sisi, ndugu zangu, tusijifiche nyuma ya Wazungu! Kangomba ya hapa Lindi, korosho ya kununuliwa kwa kupunja kabla ya mavuno, hainunuliwi na mtu wa Marekani. Huyo anayempa mjane elfu ishirini mwezi Machi ili Oktoba achukue gunia zima ni mmoja wetu, tunaswali naye, mara nyingine yuko safu ya mbele. Anafunga Ramadhani, anafunga na sita za Mfungo Mosi, na bakuli lake la kupimia limegongwa chini likatokeza kitako cha nje. Kijana uliye Kariakoo, unayemlipa mbeba mizigo nusu ya mlichopatana kwa kuwa hana pa kukushtaki, jiangalie. Wewe uliye kwenye kamati, ya maji, ya msikiti, ya chama cha msingi, fungua daftari mbele ya watu. Tutawadai vipi wa mbali, nasi mizani zetu zina sumaku? Atakayesikia na asikie.

Nimehubiri, nisameheni. Mama angeshanikata kauli zamani, "Mwalimu, chai inapoa."

Narudia kuwatakia Idd Mubarak, kullu aam wa antum bikhair. Wagonjwa Mungu awaponye, wasafiri awafikishe, wenye madeni awafungulie, mayatima awasimamie, na watoto wetu wasikose mkono wa Idi hata kama ni jero jero. Mvua hii iishe salama, mikorosho ichanue, na salfa ya kuipulizia ifike kwa wakati.

Hitma ya Mama tutaisoma Jumapili ya pili ya Mfungo Mosi, kijijini, baada ya Alasiri. Magari yatatoka Lindi stendi saa nne. Mnaokuja na watoto chukueni sahani zenu, zetu hazitoshi. Na shangazi aliyeniuliza kuhusu lile kopo: liko kwangu, sijalinyoosha.