Mwacheni mzee atuonyeshe shimine (bomba la moshi)

Bwana Mhariri,

Msomaji wenu wa wiki iliyopita anataka mabaki ya zamani ya mgodi wetu wa shaba hapa Lubumbashi yabomolewe na kuuzwa kama chuma chakavu. Mimi ni mtoto wa kambi ya wafanyakazi wa mgodi. Baba alisimama mbele ya tanuru la shaba miaka 31, na kibati chake chenye namba ya kazi ninacho kabatini mpaka leo. Siwezi kunyamaza.

Mwaka jana binti yangu alinipeleka Zollverein, kaskazini mwa mji wa Essen, Ujerumani. Mgodi huo wa makaa ulianzishwa na Franz Haniel mwaka 1847. Shimo namba 12, lililofunguliwa 1932, lilitoa hadi tani 12,000 kwa siku moja. Tarehe 23 Desemba 1986 kazi ikasimama. Jimbo likaununua, na mwaka 2001 UNESCO ikauingiza katika urithi wa dunia. Mnara wake wa chuma, mita 55, umesimama bado.

Jengo la kuoshea makaa limekuwa makumbusho. Unapanda kwa ngazi ndefu ya umeme yenye mwanga wa rangi ya chungwa, kama unaingia tanuruni. Bafu la wachimbaji wa shimo jingine sasa ni ukumbi wa wacheza ngoma. Wakati wa baridi watoto huteleza juu ya barafu kando ya matanuru.

Lakini aliyenitoa machozi ni mzee aliyetuongoza. Alifanya kazi chini ya ardhi enzi zake. Alipiga mkanda wa kubebea makaa kwa kiganja, akatuambia kelele zilivyokuwa: walisemezana kwa ishara. Baba naye alizungumza nasi kwa mikono mezani, nikidhani ni tabia yake tu.

Hapa kwetu shaba ya kwanza iliyeyushwa Juni 1911, mji ukiwa na mwaka mmoja. Tunajisifu kuwa watu wa Mumbunda na njanja, yaani wa shimine na reli, ila mjukuu wangu ameniuliza shimine ile ni ya kazi gani. Siombi mamilioni ya fedha kama ya Wajerumani. Naomba geti lifunguliwe Jumapili moja kwa mwezi, benchi liwekwe, mzee apewe nauli na soda.

Kwenye avenue yetu wamebaki wazee wawili tu wa kazi hiyo. Mmoja haoni tena, lakini mwulize shaba ilimiminwaje: atakuonyesha kwa mikono, hatua kwa hatua. Aanze yeye.

Mama wa Katuba, Lubumbashi