Barua ya wazi kwa Mganga Mkuu wa Mkoa wa Dodoma: mlipuko ukija, chumba cha mazoezi kisifungwe

Ndugu Mganga Mkuu,

Salaam kutoka Chamwino. Nakuandikia kama mama wa mtoto aliyezaliwa mwanzoni mwa 2020, nyayo zikiwa zimepinda kwa ndani. Ombi langu ni moja: katika mpango wa mkoa wa kukabiliana na magonjwa ya mlipuko, utengamao, yaani mazoezi ya viungo na tiba nyingine za kumrudishia mtu uwezo wake, uandikwe miongoni mwa huduma zisizositishwa, sawa na uzazi na chanjo.

Mgonjwa wa kwanza wa Korona nchini alitangazwa Machi 16, 2020. Mwanangu alikuwa katikati ya matibabu. Tiba ya nyayo hizi haihitaji mashine. Mtaalamu anaushika unyayo, anausukuma taratibu mpaka pale unapokubali, anaushikilia hapo huku mwenzake akizungusha bandeji ya plasta iliyoloweshwa. Wiki inayofuata hogo hilo, yaani plasta iliyokauka ikawa ngumu, linatolewa, unyayo unasogezwa tena kidogo, linafungwa jipya. Kwa watoto wengi mahogo matano au sita yanatosha, kisha mtoto anavaa viatu vilivyounganishwa kwa chuma, mwanzoni karibu saa zote, baadaye usiku tu hadi afike miaka minne hivi. Ukikatiza katikati, mguu unaanza kurudi ulikotoka.

Sisi tulikatiziwa. Tulifika tukakuta chumba cha mazoezi kimefungwa, tukaambiwa turudi hali ikitulia. Hakuna aliyetueleza tufanye nini na hogo lililokuwa mguuni. Mtoto mchanga anakua kila siku, hogo halikui. Vidole vilipoanza kuvimba nilililoweka kwenye beseni la maji ya uvuguvugu, nikalibandua mwenyewe kipande kwa kipande, mtoto analia na mimi nalia. Wahudumu siwalaumu, nao walikuwa na hofu na barakoa zilikuwa za kutafuta kwa tochi. Walichokosa ni agizo la kuwaambia kwamba kazi yao haisubiri.

Wala halikuwa tatizo letu peke yetu. Shirika la Afya Duniani lilipoziuliza nchi Mei 2020, karibu theluthi mbili, yaani asilimia 63, zilisema huduma zao za utengamao zimevurugika. Aliyepigwa kiharusi hupata nafuu kubwa zaidi miezi ya mwanzo, na mwenye mtindio wa ubongo asiponyooshwa viungo hukakamaa. Hata waliougua Korona vibaya walihitaji mikono hiyo hiyo ili watembee na kupumua vizuri tena.

Sheria tunayo, ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010, na Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu tuliuridhia 2009. Ibara yake ya 11 inataka watu wenye ulemavu walindwe wakati wa hatari na ya 26 inazungumzia utengamao. Kilichobaki ni kuyashusha haya hadi zahanati.

Naomba pia watu wenye ulemavu waitwe mezani mapema, kabla vifaa havijanunuliwa. Bila shaka unakumbuka vile vifaa vya kunawia vya kukanyaga kwa mguu. Sokoni nilimwona kijana kwenye kitimwendo akiinama kuibonyeza pedali kwa mkono, pale chini penye tope. Maji yakatoka, mkono wa pili haukuyafikia. Akapita bila kunawa, na mlinzi akamfokea. Angeulizwa mtu mmoja tu kama yeye, koki ingewekwa usawa wa kiwiko.

Kwa upande wa mazoezi, wahudumu wa afya ngazi ya jamii wafundishwe ya msingi, na kila mzazi apewe namba ya simu ya mtaalamu. Wengi wetu tuna vitochi, lakini kupiga tunaweza. Hogo halifungwi kwa simu, kwa hiyo walau chumba kimoja kwa kila wilaya kibaki wazi, na wataalamu wake wapewe barakoa na glovu kama wenzao wa wodini.

Tangu hapo homa ya Marburg imeingia Kagera mara mbili, 2023 na 2025. Orodha ya huduma zisizositishwa iandikwe sasa, wakati hapa kwetu pametulia. Ikishapitishwa, ibandikwe kwenye mbao za matangazo za vituo vya afya, kuanzia Bahi hadi Mpwapwa, ili mzazi ambaye mwanawe amefungwa hogo la kwanza wiki hii ajue atampeleka wapi wiki ijayo, hata kama mlipuko utatangazwa kesho.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mama wa mtoto, Chamwino