Waya usiuzwe kwa umbo la kichwa chake

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na wauzaji wa nyaya za runinga, simu na kompyuta, na zaidi niseme na wanaouagiza mzigo huo kutoka nje. Mimi ni fundi wa redio na runinga hapa Ngamiani, Tanga. Vifaa vingi ninavyoletewa siku hizi havina ubovu wowote. Kibovu ni waya, au waya ni mzima ila haukutengenezwa kwa kazi aliyoinunulia mteja. Mteja kaambiwa dukani, "Ukiingia tu, unafanya kazi." Umeingia, haukufanya kazi, na sasa anaamini runinga yake imekufa.

Nianze na waya unaoniudhi kuliko zote. Upande mmoja una kichwa cha HDMI, kile bapa cha runinga na kompyuta za kisasa, upande wa pili una vichwa vitatu vya RCA: njano, nyeupe na nyekundu. Katikati hakuna kitu, ni waya mtupu. Mzee mmoja kutoka Pangani aliununua ili aonyeshe picha za harusi ya mjukuu wake kutoka kwenye kompyuta mpakato hadi kwenye runinga yake ya chogo. Alikuja na runinga yenyewe, kaipakia kwenye bajaji.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Nitazamie hii, imekufa jana usiku."

Nikachomeka deki yangu kwenye matundu yale yale matatu, picha ikatoka safi. Mzee akaniangalia, akauangalia ule waya alioushika mkononi, akaniuliza, "Kwa hiyo nimekula hasara ya nini?" Hasara ya waya, nauli, na kuibeba runinga nzito kutoka Pangani hadi mjini bila sababu.

Niliwahi kuupasua waya wa aina hiyo nione ndani. Nyuzi chache nyembamba zimetoka kwenye vichwa vya RCA zikaunganishwa moja kwa moja na pini za HDMI, basi. Hakuna chipu hata moja. Sasa HDMI ina pini 19, na picha inapita humo kwa tarakimu, kwa kasi kubwa mno. Ile RCA ya njano inabeba picha nzima kwenye waya mmoja kwa mawimbi ya analojia, kama runinga za rangi zilivyopokea miaka na miaka. Kuunganisha shaba na shaba hakugeuzi kimoja kuwa kingine. Kinachohitajika ni kigeuzi, kisanduku kidogo chenye chipu ndani, ambacho mara nyingi kina tundu la kukipa umeme wa volti 5. Nacho kina upande wa kuingilia na upande wa kutokea: kilichoandikwa HDMI2AV kinatoa picha kwenye kompyuta kupeleka runinga ya chogo, na kilichoandikwa AV2HDMI kinafanya kinyume chake. Kwa macho vinafanana, na huwezi kukitumia kimoja mahali pa kingine. Nimeona vikiuzwa kutoka boksi moja, muuzaji anachukua kilicho juu.

Hata ukipata kigeuzi sahihi, muuzaji mwaminifu angekwambia jambo moja zaidi. Runinga ya chogo ya mfumo wa PAL inaonyesha mistari 576 tu. Harusi itaonekana vizuri kabisa. Barua uliyoiandika kwenye kompyuta hutaisoma, herufi zitafifia.

Shule nazo zina balaa lao, la VGA. Kichwa kile cha pini 15 kilianza na kompyuta za IBM mwaka 1987, na projekta nyingi za zamani zinakijua hicho tu. Kompyuta nyingi mpya hazina tundu lake. Hapa tena lazima chipu iwepo kati ya HDMI na VGA, ila safari hii inaweza kuwa imefichwa ndani ya kichwa chenyewe, kwa hiyo mwalimu hawezi kuujua waya mzuri kwa kuutazama. Tena VGA haibebi sauti. Mwalimu aulize kigeuzi kina tundu la spika kabla hajatoa hela ya shule.

Nije kwenye king'amuzi, maana hicho kipo karibu kila nyumba yenye runinga tangu mitambo ya analojia ianze kuzimwa Dar es Salaam mwisho wa mwaka 2012 na mikoa mingine kufuata. Ving'amuzi vingi vidogo vina tundu moja la milimita 3.5, na waya wake una pini upande mmoja na rangi tatu upande wa pili. Itazame pini ile kwa karibu: ina pete tatu nyeusi zinazoigawa vipande vinne. Kwenye nyaya nyingi ncha ni sauti ya kushoto, lakini vipande vitatu vilivyobaki, yaani sauti ya kulia, picha na ile ya chini tunayoiita negativu, kila mtengenezaji anavipanga apendavyo. Ndiyo maana waya wa kamera unaingia kwenye king'amuzi bila shida halafu unapata mngurumo kwenye spika na kioo cheupe.

Kabla hujamwita fundi, fanya hivi. Acha king'amuzi kimewaka, toa kichwa cha njano kwenye runinga, chomeka chekundu kwenye tundu la njano. Kikikataa, jaribu cheupe. Huwezi kuunguza kitu, umeme wa hapo ni mdogo sana. Picha ikitokea, zipange rangi upya kwa kujaribu na uendelee kutazama taarifa ya habari. Isipotokea hata moja, huenda negativu imekaa kwenye kipande kingine, na hapo ni kutafuta waya mwingine tu. Fundi mwenzangu mwenye mita anajua: weka kwenye mlio, gusa ganda la nje la kichwa cha rangi, kisha gusa kipande kimoja kimoja cha pini. Kinacholia ndicho negativu. Kazi ya nusu dakika. Duka linalouza nyaya za king'amuzi lingeweza kuifanya mbele ya mteja.

Kwa sisi wa pwani niongeze la kutu. Upepo wa bahari hapa Tanga unaweka kijani kwenye vichwa vya shaba, na runinga inaanza kupoteza rangi au spika moja inakaa kimya. Pamba na spiriti vinatosha. Wauzaji wanapandisha bei ya waya wa HDMI wenye vichwa vya dhahabu wakisema picha inang'aa zaidi. Picha ya tarakimu haing'arishwi na dhahabu. Dhahabu inasaidia kuzuia kutu, na huku kwetu hilo ni jambo la maana, basi waya huo uuzwe kwa sababu hiyo. Na mwenye runinga ya kawaida ya sebuleni asilazimishwe kununua waya ulioandikwa Ultra High Speed. Huo unapitisha gigabiti 48 kwa sekunde, ni wa runinga kubwa za kisasa za picha ya 4K inayokwenda kwa kasi ya juu, hasa za michezo ya kompyuta. Waya wa High Speed unamtosha.

Sasa Taipu-C. Hapa ndipo watu wanapoumia kimyakimya. Kichwa hiki kilitoka mwaka 2014, kina pini 24 na hakina juu wala chini, na kwa hilo nakisifu, kimeokoa matundu mengi ya simu. Tatizo ni kwamba kichwa ni kimoja na nyaya ni za aina nyingi. Zipo zinazopitisha umeme peke yake. Simu inachaji, ukiichomeka kwenye kompyuta haionekani. Wateja wangu wawili, kwa nyakati tofauti, walikuwa wameshabadilishiwa tundu la chaji kwa fundi mwingine na bado simu haionekani. Nikawapa waya wangu, zikaonekana papo hapo. Hela yao haikurudi.

Zipo zinazopitisha data kwa megabiti 480 kwa sekunde, kasi ya USB 2.0 ya mwaka 2000, na zipo za gigabiti 10 na zaidi. Hata makampuni makubwa yanafanya hivi: iPhone 15 za kawaida zilizotoka mwaka 2023 zina Taipu-C, lakini data inapita kwa kasi ile ya megabiti 480, na zile za Pro zinazoweza gigabiti 10 ziliwekewa kwenye boksi waya wa kasi ndogo. Mpiga picha za harusi mwenye faili za gigabaiti 60 anajua uchungu wake: waya mmoja unamweka karibu nusu saa, mwingine unamaliza kwa dakika chache kama na diski yake ni ya kasi. Vyote viwili viko ukutani dukani, vimeandikwa "Type-C Original".

Umeme nao vivyo hivyo. Waya wa kawaida wa Taipu-C pande zote mbili unabeba ampea 3, yaani wati 60 mwisho wake. Ukitaka kuzidi hapo ni lazima waya uwe na chipu kichwani inayoiambia chaja kwamba unaweza kubeba ampea 5. Mwenye kompyuta ya kuchaji kwa wati 100 akipewa waya usio na chipu hiyo, kompyuta itachaji taratibu na yeye atailaumu betri. Kupeleka picha kwenye runinga ni habari nyingine tena, maana simu yenyewe lazima iwe imeundwa kutoa picha kwenye tundu hilo, na simu nyingi za bei nafuu hazikuundwa hivyo. Waya wowote utakaonunua hautabadilisha kitu. Muuzaji aulize kwanza, "Simu yako ni ipi?"

Kuna wanaosema huku ni kulalamikia vitu vidogo. Mwaka 2015 mhandisi mmoja wa Google, Benson Leung, alianza kununua nyaya za Taipu-C zinazouzwa Amazon, akazipima moja moja na kuandika hadharani alichokiona. Nyingi hazikuwa na rezista ya kilo-ohm 56 inayotakiwa kwenye waya wa kutoka USB ya zamani kwenda Taipu-C, ile inayoizuia simu isivute umeme mwingi kuliko chaja inavyoweza kutoa. Mwanzoni mwa mwaka 2016 waya mmoja ulikuwa umegeuzwa chanya na hasi ndani yake, ukamharibia kompyuta aliyokuwa anapimia. Mwezi Machi mwaka huo Amazon ikapiga marufuku nyaya za Taipu-C zisizofuata kanuni. Kupima kwa mtu mmoja kulitosha kulisukuma soko kubwa kama lile.

Umoja wa Ulaya nao uliamua. Tangu tarehe 28 Desemba 2024 simu mpya, tableti, kamera na vifaa vingine vya aina hiyo vinavyouzwa huko lazima vichajiwe kwa Taipu-C. Wengi wanaishia kwenye habari hiyo ya kichwa kimoja. Mimi nililolipenda ni kwamba sheria ile ile inadai boksi la kifaa liwe na lebo ya wati kinazohitaji, ya chini na ya juu, pamoja na alama ya kuonyesha kama chaja imo au haimo. Walijua kwamba kufananisha matundu bila kuandika uwezo kungemwacha mnunuzi gizani.

Hilo ndilo ninaloomba kwetu. Shirika la Viwango Tanzania, TBS, liwatake waagizaji waweke kwenye pakiti ya kila waya maneno machache ya Kiswahili: unabeba nini, picha au sauti au data au umeme tu, kutoka upande gani kwenda upande gani, kwa kasi gani na kwa wati ngapi. Stika ndogo inatosha. Na ule waya wa HDMI kwenda RCA usio na kigeuzi, naomba usiingizwe nchini kabisa. Kwa vifaa vya kawaida vya nyumbani hauna kazi.

Wenye maduka huwa wananijibu kwamba mteja anataka bei ndogo na hana muda wa maelezo. Nawaelewa, nami nina mtaji mdogo. Lakini mteja anayetoka Muheza au Pangani kuja mjini ana muda, kwa sababu akikosea atarudi tena kwa nauli nyingine. Wekeni runinga moja kuukuu dukani, king'amuzi, na kompyuta hata ya mtumba. Waya ujaribiwe kabla pesa haijatoka mfukoni.

Mimi nimeshaanza. Pale kwangu Ngamiani nina runinga ya chogo, nina ya kisasa yenye HDMI, na nina mita. Aliyenunua waya popote, na asijue unabeba nini, aje nao tuupime. Sitoi bili kwa kazi hiyo. Ukiwa bado na risiti, njoo siku hiyo hiyo uliponunua, ili ukirudi dukani uwe na la kusema.

Fundi wa redio na runinga,
Ngamiani, Tanga