Kioo usikioshe, Athumani

Langoni, Lamu
Alhamisi usiku

Athumani ndugu yangu,

Assalaam aleikum. Sisi huku hatujambo, mama anakusalimu, kaskazi yavuma, samaki ghali. Hayo yatosha, salamu ndefu nitakupa tukionana, maana ujumbe wako wa jana umenitoa usingizi. Umeandika kuhusu ile darubini uliyoichukua kwa bwana wa Milano: "Kioo cha ndani kina vumbi na madoa, Jumapili nakitoa nikioshe kwa sabuni, nikikaushe na fulana." Simu yako nimepiga mara nne, haipatikani. Ndiyo naandika, nimpe Shee wa basi akufikishie kabla ya Jumapili. Kama hujakitoa, weka bisibisi chini usome kwanza. Kama umeshakitoa, ruka hadi pale nilipotaja maji ya betri, na fulana ivae.

Kioo cha darubini si kama kioo cha kabati la Bi Mwanaesha. Cha kabati kimepakwa nyuma, kwa hiyo kioo chenyewe ndicho kinachoulinda ule mng'aro, sugua utakavyo. Cha darubini kimepakwa alumini mbele, uso kwa uso na hewa, na unene wa alumini hiyo ni kama sehemu moja ya elfu kumi ya milimita. Chembe moja ya mchanga wa Malindi chini ya fulana yako inachora mstari usiofutika mpaka kioo kipakwe upya, na huku kwetu hakuna wa kukipaka. Tena umekimulika kwa tochi, sivyo? Tochi hukifanya kila kioo kionekane kichafu, hata kipya. Vumbi kavu likitapakaa juu yake hupunguza mwanga kidogo tu, jicho halitambui.

Na hilo ndilo linaloniudhi: ugonjwa uliousema hautokani na uchafu hata kidogo. Ulisema nyota zina mkia, zote upande mmoja. Uchafu hauzai mkia. Uchafu huleta ukungu mweupe kuizunguka sayari ya Mshtarii, basi. Mkia ni vioo viwili kutotazamana sawasawa, kile kikubwa cha chini na kile kidogo cha mshazari kilicho juu karibu na pale unapotia jicho. Safari ya gari na pikipiki kutoka kwa yule bwana hadi kwako inatosha kabisa kuvipotosha. Dawa yake ni skrubu tatu nyuma ya mrija.

Nimekuwekea kwenye kifurushi kifuniko cheusi chenye tundu la milimita 2 katikati. Kitie mahali pa lenzi ya jicho, mchana, mrija ukiwa umelazwa. Umelazwa, Athumani, usisimamishwe, maana bisibisi ikikuponyoka na mrija umesimama, itatua juu ya kioo. Chungulia. Kwanza angalia kioo kidogo: kionekane duara kamili, katikati ya mrija wa lenzi, na ndani yake uone kioo kikubwa chote na vibanio vyake vitatu. Ukiviona vitatu, usikiguse kile kidogo, kiko sawa. Kisha nenda nyuma: kuna skrubu za kufungia na skrubu za kurekebishia. Legeza za kufungia, halafu zungusha moja ya kurekebishia robo mzunguko, rudi uchungulie. Mtu wa pili akizungusha huku wewe unachungulia itakuchukua dakika tano, peke yako nusu saa na matusi. Unataka lile tundu lako dogo, linaloonekana kama nukta, liingie ndani ya kijiduara kilichobandikwa katikati ya kioo kikubwa. Likiingia, kaza za kufungia kidogo kidogo kwa zamu, ukichungulia, maana zikikazwa kwa pupa nukta inahama tena.

Usiku hakikisha kwa nyota. Saa mbili na nusu hadi saa tatu hivi Suheli iko juu upande wa kusini, inafaa kabisa. Iweke katikati kwa lenzi ya milimita 10, halafu zungusha gurudumu la fokasi, yaani la kurekebishia ukali wa picha, mpaka nyota ivimbe iwe kama chapati yenye shimo jeusi. Shimo likiwa katikati ya chapati, umemaliza. Likiwa upande, bado robo mzunguko mahali fulani. Lakini usifanye haya darubini ikiwa imetoka sasa hivi chumba cha ubaridi! Najua unaiweka kule ukidhani unaitunza. Kioo kilichopoa kikiingia kwenye joto na unyevu wa Malindi kinatoka jasho papo hapo, na jasho hilo likikauka huacha madoa. Iweke chumba cha kawaida, imefunikwa, na kioo kiwe na vile vifuko vya chembechembe vinavyokuja ndani ya viatu vipya. Nimekutumia kumi. Vikishiba unyevu havifanyi kazi tena, kwa hiyo ubadilishe.

Haya, madoa. Kuna madoa ambayo kweli hayafai kuachwa, nisije nikakudanganya. Puliza kwanza kwa kile kipira cha mpira cha kusafishia masikio ya watoto, kikiwa kikavu, usipulize kwa mdomo maana mate ni mabaya kuliko vumbi. Kilichoruka kilikuwa vumbi. Kilichobaki chenye duara jeupe ukingoni kama tone lililokauka ni chumvi, nayo huvuta unyevu ikaila alumini polepole. Na ukiona kama utando wa buibui unaotambaa kutoka pembeni, hiyo ni kuvu. Kwa hayo mawili tu ndiyo tunaosha, na tunaosha hivi:

Piga alama ya penseli kwenye mrija na kwenye kikombe kinachoshikilia kioo kabla ya kukitoa, ili kirudi kilivyokuwa. Kunja taulo chini ya beseni, laza kioo uso juu. Maji ya bomba la kwenu yana chumvi, usiyatumie. Nunua maji ya betri lita 4 kituo cha mafuta, na usome chupa, kwa sababu maji na asidi hukaa rafu moja katika chupa zinazofanana. Tia matone mawili ya sabuni ya vyombo isiyo na rangi wala marashi, acha kilowe dakika kumi. Halafu pamba ya duka la dawa, iliyolowa, uiburute chini ya maji kwa uzito wake wenyewe. Usibonyeze. Mkupuo mmoja, tupa, chukua nyingine. Suuza kwa maji ya betri yaliyobaki, kisimamishe kwa ukingo wake, yatachuruzika yenyewe. Matone mawili matatu yatakayong'ang'ania yaguse kwa ncha ya karatasi laini. Ile dawa ya bluu ya kupulizia madirisha ina amonia, isiingie hata chumbani.

Hata wenye darubini kubwa huogopa kugusa vioo vyao. Huko Chile, Paranal, kuna nne zenye kioo cha mita 8.2 kila moja. Katika vituo vingi vya aina hiyo vumbi huondolewa kwa kupulizia chembe za barafu ya kaboni dioksaidi, ambazo hugeuka gesi na kuondoka na uchafu bila mkono wa mtu kugusa, na kioo kikichakaa hung'olewa, alumini ya zamani ikayeyushwa, kikapakwa upya ndani ya tangi lisilo na hewa. Wewe na fulana.

Sasa ule mguu. Umelalamika kwamba ukizungusha kitasa ili kuifuata Mshtarii, inatoroka kwa mshazari. Angalia skala ya nyuzi ubavuni mwa kichwa cha mguu, naapa inasoma 45. Yule bwana aliuweka kwa kipimo cha kwao. Milano iko nyuzi 45 kaskazini. Mhimili wa mguu wa aina ile unatakiwa uelekee ncha ya anga ambayo mbingu zote zinaizunguka, na kwao ncha hiyo iko nusu ya kimo, ina nyota yake ya kaskazini. Malindi iko nyuzi 3 tu kusini ya ikweta. Ncha yenu ni ya kusini, iko nyuzi 3 juu ya upeo, yaani karibu ardhini, na nyota ile ya kaskazini huioni abadani. Kwa hiyo mhimili ungepaswa ulale karibu bapa, na miguu mingi ya bei hiyo hailali kiasi hicho: uzani wa chuma unagonga mguu wa tatu kabla hujafika. Usiulazimishe ukavunja boliti. Kama skala inapanda mpaka 90, isimamishe 90, na darubini itakwenda kushoto kulia na juu chini kama mzinga, jambo rahisi hata kwa Swabra. Utakuwa unasukuma mwenyewe, lakini kwa lenzi ya milimita 25, kama urefu wa fokasi ya darubini ni milimita 650, unapata ukuzaji wa mara 26 na upana wa anga wa nyuzi 2, na kwa kuwa anga huzunguka nyuzi 15 kwa saa, una dakika nane kabla kitu hakijatoka. Miguu usiirefushe, kaskazi inaitikisa. Ning'iniza galoni la maji la lita 5 katikati.

Hilali ya mwezi 29 ndiyo iliyokufanya uichukue, najua, na Mwalimu Fumo ameshatangaza mtaa mzima. Kama ushahidi wa darubini unakubalika au la, hilo waachie kadhi na masheikh. Mimi nasema ya chombo tu. Danjon, mwanafalaki wa Ufaransa, alionyesha kwamba mwezi ukiwa umeachana na jua chini ya nyuzi 7 hivi, ule uzi wa mwanga unakatika, hauonekani kwa jicho hata ukiwa na darubini. Kwa hiyo angalia kwanza hesabu ya siku hiyo kwenye programu ya Stellarium. Kama ni nyuzi 5, kaleni futari ya mazoezi.

Ikiwa inafaa, basi mambo mawili. La kwanza, jua. Mrija usielekee magharibi mpaka ukingo wa juu wa jua umezama wote, na msitumie kile kikioo cheusi kilichoandikwa kuwa cha jua, kinachoskrubiwa kwenye lenzi ya jicho. Kinapasuka kwa joto. Kivunje leo, kabla mtoto hajakiona. Kioo cha sentimita 13 kinakusanya mwanga zaidi ya mara 300 kuliko mboni iliyopanuka kabisa gizani.

La pili, fokasi. Wengi hukosa hilali hapo. Uzi ule ni mwembamba mno, fokasi ikiwa imekosewa kidogo unamezwa na mwanga wa machweo, na huna kitu angani cha kurekebishia. Usirekebishe kwa mnazi: mnazi wa mita 100 utakukosesha kwa milimita 4. Rekebisha kwa Mshtarii usiku wa kuamkia, kisha bandika utepe kwenye mrija wa lenzi palipokaa. Siku yenyewe rudisha kwenye utepe, usiguse tena. Jua huku kwetu linazama wima, na mwezi vilevile: ukiwa nyuzi 6 juu wakati wa machweo, una dakika kama 25, na kumi za kwanza anga bado linawaka. Mwezi utalala chali kama dau, kwa hiyo tafuta mkunjo ulioangalia chini. Paa la zege la Kheri linatoa joto hadi usiku na hewa inachemka juu yake, lakini kwa ukuzaji wa mara 26 si kitu, upeo ulio wazi una faida zaidi. Kwa Mshtarii shukeni chini, kwenye nyasi. Na mtu asitembee juu ya paa wakati mwenzake anatazama, hata akiwa Mwalimu Fumo.

Swabra aliuliza kama ataona shimo jeusi. Mwambie halitoi mwanga. Linalolisaliti ni gesi inayozunguka kabla ya kumezwa, inapata joto la mamilioni ya nyuzi na kutoa eksirei, na hewa yetu inazinyonya zote juu huko. Ndiyo maana chombo kikabidi kirushwe, nacho kilirushwa mlangoni kwenu: jukwaa la San Marco, baharini upande wa Ngomeni, 12 Desemba 1970, juu ya roketi ya Scout. Kwa kuwa ilikuwa sikukuu yetu, wakakiita Uhuru. Hakikuwa na kioo wala lenzi. Kilikuwa na masanduku ya gesi yaliyopeana mgongo, kila eksirei ikiingia inahesabiwa, na chombo kikijizungusha mara moja kwa dakika 12 kufagia anga. Orodha yake ya mwisho ina vyanzo 339, na Giacconi aliyekiongoza alipewa Nobel 2002. Vijana wa Malindi wanapita Ngomeni kununua kamba tu. Nitaacha, nisije nikaanza.

Nijibu haya, tena upesi. Kioo umekitoa au hujakitoa? Pale karibu na lenzi urefu wa fokasi umeandikwa ngapi, F=650 au F=1000? Nauliza kwa sababu kama ni 1000 na mrija wenyewe ni wa nusu mita, basi kuna lenzi imefichwa ndani ya mrija mdogo, na kifuniko changu hakitakuonyesha kitu mpaka uitoe. Vibanio umeviona vitatu au viwili? Madoa yana duara au yana utando? Skala ilikuwa 45, sema kweli? Na ile achari ya embe ya shemeji, Shee anarudi Jumanne, chupa tupu nimeitia chini ya kifurushi.

Wako,
Bwanaheri